Danieli Amebaki Shimoni

Wakonyo huuza kabeji soko la Karatina siku sita za wiki, na ole wako uibonyeze kabeji yake kwa kidole kisha usinunue. Ulimi wake unajulikana mpaka kwa makanga wa matatu. Lakini ikifika Jumapili, loo! Mwanamke huyo huyo huvaa sweta yake ya kijani, akapanda kilima cha kanisa, na huko juu ni mtu mwingine kabisa, mwalimu wa watoto mwenye sauti ya upole. Kazi hiyo ameifanya miaka kumi na tisa, katika chumba cha mabati nyuma ya kanisa, wala hajalipwa hata pakiti ya sukari.

Kosa alilifanya mwenyewe, na hakatai. Miaka mitatu iliyopita watoto walianza kupungua, naye akapata wazo la kubeba ndoo ya mandazi. Jumapili ya kwanza walikuja kumi na wanne. Kufikia Krismasi hapakuwa na pa kukanyaga. Wakonyo akafurahi, akasema Neno limeshika mizizi. Mumewe Kahiga, fundi wa baiskeli asiyeishiwa mzaha, alimtazama akikanda unga Jumamosi nzima, akamuuliza, "Mama Nyawira, hii ni Sunday school ama ni hoteli?"

"Nyamaza ule," akaambiwa.

Mwaka huu likaja kanisa jipya, likapiga hema kule chini karibu na stendi. Watoto wa huko walipewa soda, na kulikuwa na lile jumba la mpira lililojazwa upepo la kurukia. Wakonyo akaongeza chai. Wale wa hemani wakaongeza biskuti. Akaongeza smoki, zile soseji za mtaani. Mashindano hayo, jamani! Ungedhani ni kampeni.

Siku moja akawauliza watoto wake, "Kwa nini tunampenda Mungu?"

Mwai, mjukuu wa jirani yake, mwenye miaka saba, aliinua mkono mpaka akajikuta amesimama. "Kwa sababu ya mandazi, Ticha!"

Na chumba kizima kikaitikia, "Eeeh!"

Wakonyo alicheka, maana afanye nini tena? Lakini alipofika nyumbani aliketi jikoni bila kuvua sweta. "Nimewafundisha tumbo," alimwambia Kahiga. "Miaka kumi na tisa, Baba Nyawira, na nimewafundisha tumbo tu."

Siku hiyo Kahiga hakutania. "Basi waachishe hizo mandazi."

"Nikiwaachisha si wataenda?"

"Wakienda, utajua."

Hapo ndipo hofu ilipomshika. Hakutaka kujua.

Hata hivyo Jumapili iliyofuata alipanda kilima mikono mitupu. Watoto wakaitazama ile mikono, kisha wakatazamana. Wakonyo akajikaza, akaanza habari za Danieli, na kusimulia anajua, hilo hata adui yake atakwambia. Akawaeleza jinsi Danieli alivyokuwa mkubwa katika serikali ya mfalme, na jinsi wenye wivu walivyotaka aache kumwomba Mungu. Angenyamaza tu, angebaki na cheo chake na joho lake zuri. Yeye akapiga magoti dirishani kama kawaida yake. Wakamshika. Wakamtupa shimoni. Wakafunika kwa jiwe, na mle gizani simba mmoja akafungua jicho, halafu wa pili akafungua...

Hapo hapo kipaza sauti cha wale wa hemani kikapita barabarani. Soda! Kuruka! Yote bure! Watoto waliondoka kwa mkupuo mmoja, benchi zikaanguka.

"Ngojeni, sijamaliza!"

Angengojwa na nani? Akabaki peke yake, na Danieli wake yuko shimoni.

Wiki hiyo wateja wa kabeji walikiona cha mtema kuni. Ukweli ni kwamba mama wa watu alikuwa ameumia. Alikuwa ameshaamua: Jumapili asipokuja hata mtoto mmoja, angemrudishia Mzee Gicheru, mzee wa kanisa, ufunguo wa kile chumba. Kama miaka yote ile haikuwaachia watoto kitu, kwa nini aendelee kujidanganya?

Jumapili ikafika. Akafungua chumba, akapanga benchi, akaketi. Saa tatu. Saa tatu na nusu. Nyimbo zilipanda kutoka kule chini hemani. Saa nne akainuka, akafunga kufuli, akaanza kukatiza uwanja kwenda kwa Mzee Gicheru, ufunguo mkononi.

"Ticha! Ticha, usiende!"

Akageuka. Mwai alikuwa anapanda kilima mbio, matope mpaka magotini, midomo imegeuka rangi ya machungwa kwa soda. Nyuma yake walikuja wengine. Si wote, tusidanganyane. Walikuwa kumi na mmoja.

"Si mlienda kwa soda?" Wakonyo aliuliza, na sauti haikuwa ya Jumapili.

"Tulikunywa haraka," alisema Nduta, msichana mkubwa kidogo. "Danieli bado ako kwa shimo."

Mwai hakuwa na muda wa hayo. Alimshika mwalimu sweta. "Ticha, walimkula?"

"Mbona unahema hivyo, Mwai?"

"Nimemuombea kila siku. Nilimwambia Mungu achukue mandazi zangu zote, hata za Krismasi, bora simba wasimkule."

Wakonyo aliketi pale pale kwenye nyasi za uwanja, machozi yakamtoka, akacheka, akalia tena. Danieli alitoka shimoni karne na karne zilizopita, na mtoto huyu bado alikuwa anamwombea atoke! "Asante Yesu," akasema.

Watoto waliogopa. "Ni kwa sababu walimkula?" Nduta akanong'ona.

"Hawakumla."

"Hata ukucha?" Mwai akauliza.

"Hata ukucha mmoja. Ingieni niwaambie alivyotoka."

Akarudi, akafungua kufuli. Wakaingia wakisukumana, wakajaza benchi za mbele, macho yote kwake. Hakuna aliyeuliza ndoo iko wapi.