Mtoto wa Muuza Mafuta Agombea Tawi

Sikuwahi kumwamini mtu asiyetoa nyongeza. Nilikuwa dalali wa vyombo vya nyumbani Darajani. Miaka ile baada ya Mapinduzi watu wengi walikuwa wakisafiri, na vitanda vyao, saa zao za ukutani na makabati yao vilipitia mikononi mwangu. Kazi yangu ilikuwa kujua mtu anasema nini na anataka nini, maana mara nyingi ni vitu viwili. Kwa hiyo jirani yetu fundi cherehani alipojitokeza kugombea uenyekiti wa tawi la chama mtaani kwetu, kule Ng'ambo, watu walisifu uaminifu wake, mimi nikajiuliza anauza nini.

Nilimjua tangu utotoni. Mama yake alikuwa akiuza mafuta ya nazi barazani, na mama yangu akinituma kwake na chupa. Bibi yule alijaza kikopo mpaka ukingoni, akakigeuza juu ya chupa, akangoja mpaka lidondoke tone la mwisho. Zaidi ya hapo hapati mtu, hata dada yake wa tumbo moja. Siku moja mwanawe aliachiwa kikopo, akanimiminia kidogo juu ya haki yangu, kwa kuwa tulikuwa tukicheza pamoja. Mama yake akaipokonya chupa, akakirudisha kile kidogo ndani ya debe.

"Ukitaka kumpa rafiki yako, mpe kanzu yako," akamwambia mwanawe. "Haya mafuta ya wateja."

Nilirudi nyumbani nikayapima kwa kikopo chetu. Yalitimia. Nikapima tena, yakatimia tena, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Sasa uchaguzi huu ulikuwa mzito kwa dada yangu. Nyumba za mtaani kwetu zilikuwa zinavunjwa yapate kujengwa yale majumba marefu ya Michenzani, na mwenyekiti wa tawi ndiye atakayefuatana na maofisa mlango kwa mlango kusema nani anakaa wapi, apewe fleti. Dada alikuwa mjane, na nyumba ilikuwa kwa jina la marehemu mumewe. Akirukwa, hana pa kwenda ila Mangapwani kwa shemeji yake.

"Siendi kuwapikia wake wa watu uzeeni," aliniambia. "Wewe si unajua kusema na watu? Basi nenda kaseme."

Mgombea wa pili, mwenye mkahawa, alikuwa mtamu. Aliniita ndugu yangu, akaniahidi fleti ya pembeni, ghorofa ya chini, inayopata upepo. Nikamshukuru, nikaenda kunyolewa. Kinyozi akanieleza kwa furaha kwamba ameahidiwa fleti ya pembeni, ghorofa ya chini, inayopata upepo.

Nikaenda kwa fundi. Alikuwa kwenye cherehani, na mama yake, mzee sasa, ameketi mkekani anachagua mchele.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba. Umekuja kununua au kuuza?"

Nikamgeukia mwanawe. "Ukishinda, dada yangu utamwandikisha?"

"Si anakaa mle?"

"Anakaa."

"Basi ataandikwa."

"Mwanawe anataka kuoa. Ziandikwe mbili."

"Akishaoa aje mwenyewe."

"Tumekua pamoja, bwana."

"Nnajua," akasema, akakanyaga cherehani yake.

Mama yake akacheka peke yake. "Huyu nnamjua tangu ana chupa mkononi."

Siku ya kura tulikusanyika uani kwenye tawi, tukanyoosha mikono. Nilimnyooshea fundi, si kwa mapenzi. Ahadi yake ilikuwa ndogo, lakini hakuwa amemuuzia na mwengine. Niliihesabu mikono, nikarudia. Alishinda kwa tofauti isiyojaza baraza.

Hata hivyo sikutaka kumwachia yeye peke yake. Asubuhi ya ukaguzi nilileta kutoka dukani kwangu vitanda viwili vya kamba vilivyosukwa upya, nikavitandika chumba cha nyuma, ionekane mna familia mbili. Fundi akaingia na ofisa. Fundi mwenyewe akafunua shuka, akabonyeza kamba kwa kiganja. Zilikuwa bado zimekaza, hazijawahi kulaliwa.

"Analala nani hapa?" akamuuliza dada.

Mimi nikatazama boriti za dari. Ofisa akishika uongo mmoja, angeweza kuifuta nyumba nzima.

"Hakuna," dada akasema. "Hivi vya kaka yangu. Mwachie mlango wazi, uone vitanda vinavyozaana."

Ofisa akaniangalia. Fundi hakuniangalia kabisa. "Mjane na mwanawe mmoja," akasema. "Fleti moja. Andika jina lake yeye, si la marehemu." Kisha akaniambia niviondoe vitanda, vinawazibia njia.

Funguo zilipogawiwa, mtaa mzima ulikuwa na habari moja: mama yake fundi, aliyevunjiwa kama sisi, amewekwa mwisho kabisa wa orodha. Wako waliotokwa na machozi kwa uadilifu huo. Mimi nilikuwa nimemsikia bibi huyo akisema hataki kukaa juu ya vichwa vya watu, na kwa binti yake Mtoni alikuwa na chumba kizuri. Mwanawe alimnyima, au alimtii? Nimeligeuza jambo hilo pande zote, na hesabu yake haijanikalia.

Nilimwambia dada hayo siku aliyohamia, ghorofa ya tatu, nikiwa nakagua madirisha. Alikuwa anafuta mlango kwa kitambaa.

"Ufunguo nnao mimi," akasema. "Ya mama yake kamuulize mwenyewe, Mtoni si mbali."

Akaniomba nitoke nje, anataka kuona mlango wake unavyofunga. Nikasimama ngazini. Nikausikia ufunguo ukizunguka, ukarudi, ukazunguka tena.