Mwanga Chini ya Kidato

Ngazi ile niliijenga mwenyewe, ndani ya chumba cha watoto, kwa sababu ya mto. Nyumba yetu iko Bulembia, hapa Kasese, upande wa chini wa barabara, na Nyamwamba ukijaa haupigi hodi. Mwaka mmoja uliingia ndani tukiwa tumelala, ukafika kwenye magodoro. Matope yalipokauka nilipandisha paa la chumba kile, nikatandika sakafu ya mbao juu, vitanda vikahamia huko, na chini yakabaki magunia, masanduku na ndoo. Watoto wangu walilala pale mpaka wakakua na kuondoka. Hakuna aliyeanguka, kwa hiyo sikuwahi kuifikiria ngazi ile kama kitu cha hatari, mpaka walipokuja watoto wa shemeji.

Shemeji ni mdogo wake mke wangu. Aliolewa ng'ambo ya mpaka, karibu na Beni. Alivuka na watoto wawili, msichana wa miaka tisa na mdogo wake wa kiume wa miaka minne. Mumewe hakuvuka nao. Yeye mwenyewe alipanga chumba Bwera, karibu na soko, kwa sababu mtu yeyote akitokea ng'ambo hupita pale kwanza. Watoto alituachia sisi. Alimwambia mke wangu kwamba Kasese ni mbali kidogo na mpaka, huko watalala. Neno hilo moja nililichukua kama kazi niliyokabidhiwa.

Hawakulala vizuri. Mdogo alikuwa akiamka kukojoa, na ndoo ilikuwa chini, nyuma ya pazia. Dada yake alimbeba mgongoni akashuka naye gizani. Chumba chetu kinapakana na chao na ukuta ni mwembamba, kwa hiyo nilisikia kila kidato. Cha tatu kutoka juu hulia kinapokanyagwa. Baada ya hapo palikuwa na kimya kirefu, kwa sababu alikuwa akitafuta kidato kinachofuata kwa vidole vya mguu, na mimi nilibaki nimeshika pumzi mpaka nisikie mkojo ukigonga ndoo. Kisha kazi ilianza upya, ya kupanda.

Balbu ilikuwepo darini, na swichi yake iko juu, karibu na kitanda. Nilimwonyesha. Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, na hakuiwasha hata siku moja. Nilidhani anaogopa kumwamsha mdogo wake kabisa, au ameambiwa umeme wa watu hauchezewi. Nikamwambia umeme upo, autumie. Aliitikia tena.

Kazi yangu ni kutengeneza mizani: za wanunuzi wa kahawa Bwera, za wauza samaki Kahendero na Hamukungu. Hakuna aliyenifundisha. Nilifungua mizani mbovu nikaifunga, nikaifungua tena, mpaka nikaelewa. Suala la taa nililianza kwa njia hiyo hiyo. Nilisoma kwenye simu kila nilichoweza kukipata. Nilijifunza kwamba taa ya darini haifai kwa anayeshuka, kwa sababu mwili wake mwenyewe unatupa kivuli mahali anapotaka kukanyaga. Taa ya ngazi inapaswa kuwa chini, karibu na mguu, ionyeshe ukingo wa kidato. Isiwe nyeupe, maana nyeupe humwamsha mtoto kabisa na huita wadudu. Njano iliyofifia inatosha.

Nilipanda na kushuka kwa magoti, ili macho yangu yawe pale yalipo macho ya msichana. Mke wangu alipita mlangoni akauliza ni dhambi gani hiyo ambayo padre ameshindwa kuiondoa.

Taa ya kwanza niliinunua sokoni Bwera, kwa mama mmoja wa Butembo, huko huko ng'ambo, ambaye hupanga taa na betri juu ya turubai. Ilikuwa ya sola, ndogo, ya njano. Niliiweka dirishani, chini kabisa, ielekee kwenye ngazi. Asubuhi niliikuta imelazwa kifudifudi na kufunikwa sweta la shule. Niliirudisha. Asubuhi iliyofuata ilikuwa vilevile.

Ya pili ilikuwa ya kuchomeka ukutani, chini, karibu na kidato cha kwanza. Niliikuta imechomolewa, waya wake umekunjwa vizuri, imewekwa chini ya ngazi kama kitu ambacho mwenyewe atakifuata. Sikukasirika. Mtu akikurudishia mizani unaangalia kwanza mizani, si mtu. Niliamini bado sijapata taa sahihi.

Kulikuwa na jambo lingine nililoliona kila siku bila kuliunganisha na hili. Giza lilipoanza kuingia, kabla ya kwenda kulala, msichana alitoka nje. Alisimama uani, karibu na mkeka wa kuanikia kahawa, akaitazama nyumba. Kisha alizunguka mpaka upande wa barabara, akaitazama tena kutoka huko. Tulidhani anamngoja mama yake. Mke wangu alimfuata mara kwa mara, akamshika bega na kumwambia kwamba mama atakuja Kasese soko likipungua. Msichana aliitikia kwa kichwa na kuingia ndani.

Niliporudi kwa yule mama wa Butembo, alinitambua kabla sijafika kwenye turubai lake.

“Papa, ile ya kwanza ilikufa?”

Nikamwambia haikufa, wala ya pili. Ni mtoto anayezikataa.

“Mutoto anakataa taa?” Aliwatazama majirani zake wa sokoni, tayari kuwachekesha. “Iko mutoto wa popo?”

Walicheka, nami nikacheka kidogo. Nikaeleza kwamba ni mtoto wa kutoka ng'ambo, karibu na Beni. Aliacha kucheka. Alichagua taa nyingine, ya sensa, inayowaka yenyewe mtu akipita mbele yake na kuzimika akishapita, akaifunga kwenye mfuko taratibu.

“Hii inajiwasha yenyewe,” alisema. “Umuonyeshe kwanza. Aizoee muchana.”

Nilisikia maneno hayo kama maelekezo ya kifaa, na niliyapuuza kwa sababu ya mazoea ya kazi yangu. Mizani haijaribiwi kwa kumtangazia mwenye mzigo. Unaiweka kimya, anapima kama kawaida yake, nawe unaona kama inasema kweli. Niliifunga taa ile ukutani watoto wakiwa shuleni. Nilipitisha mkono, ikawaka, ikazimika. Kwa jinsi nilivyoelewa, ilikuwa taa bora kuliko zote: haimtaki mtoto afanye lolote. Jioni sikusema kitu.

Usiku kidato cha tatu kililia, na mara nikasikia kishindo. Nilipofungua mlango wao nilimkuta msichana ameanguka kifua chini kwenye vidato, mdogo wake amebanwa kati yake na ukuta, na mikono yake yote miwili imefunika taa. Mwanga ulipenya kati ya vidole, mwekundu. Mdogo alikuwa na damu mdomoni lakini hakulia. Hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwamba hakulia. Dada yake alikuwa akimnong'oneza anyamaze, na alikuwa amekwisha kunyamaza.

“Baba mukubwa,” alisema, “zima kwanza.”

Niliing'oa taa ukutani, pamoja na misumari yake. Mke wangu alimsafisha mdogo mdomo. Ni mdomo uliopasuka kwa ndani, si meno. Goti la msichana lilivimba. Mke wangu aliniambia tu kwamba walipokuwa wakishuka gizani hawakuanguka.

Kesho yake sikwenda kazini. Nilikaa kwenye ngazi ile nikiitazama. Mama yao angeniuliza wanalalaje, nami ningemjibu nini? Kupandisha ndoo juu kusingefaa, maana nafasi ya huko ilitosha vitanda tu; ningeweza kuwashusha watoto walale chini. Lakini mvua za milimani zilikuwa zimeanza na mto ulikuwa umebadilika rangi.

Jioni msichana alitoka nje kama kawaida, akichechemea. Safari hii nilimfuata na kusimama kando yake. Nilimuuliza anatazama nini.

“Naangalia kama tunaonekana.”

Nilitazama alikokuwa akitazama. Ndani, mke wangu alikuwa amewasha balbu, akikunja nguo za watoto. Dirisha lile nililikata kubwa makusudi, ili wanangu wapate mwanga wa kusomea mchana. Kutoka uani niliona chumba kizima: mbao za ngazi, moja baada ya nyingine, kitanda cha juu, na mke wangu akipanda, mwili wote, hata nguo aliyoibeba begani. Miaka yote hiyo nilikuwa sijawahi kusimama pale giza likiingia. Vipimo vyangu vyote nilivipima nikiwa ndani.

“Kwetu,” alisema, “batu bakikuja kushambulia usiku, nyumba yenye iko na taa ndiyo banaanziaka. Papa alisemaka mutu akipita ku barabara asijue kama mule muko batoto.”

Nilitaka kumwambia kwamba hapa si kule. Nilitaka kumwambia ni mbali. Lakini gari lisiposimama njiani hutoka Bwera misa ya Jumapili ikianza na kufika kwetu kabla haijaisha, na yeye alikuwa amepanda gari hilo, alijua. Nilimuuliza tu kama pazia nene lingetosha.

Alifikiri. “Na upepo ikilifunua?”

Kwa joto la Kasese dirisha halifungwi. Alisema kweli.

Basi nikaanza upya, na safari hii mkaguzi alikuwa yeye. Nilitafuta mkanda wa vitaa vidogo, vya njano karibu na rangi ya chai ya mkandaa, isiyo na maziwa. Niliukata vipande, nikagandisha kila kipande chini ya ukingo wa kidato, kwa nyuma, kielekee chini, kisha nikapigilia ubao mwembamba mbele yake ili mwanga usitoke nje. Kila kidato kikawa kinaangazia kidato kilicho chini yake tu, upana wa unyayo wa mtoto. Swichi niliiweka kando ya mto wake wa kulalia, ndogo, isiyotoa mlio. Hakuna kitakachowaka yeye asipotaka.

Yeye alisimama nje. Mimi niliwasha ndani nikangoja.

“Bado,” alisema kutoka uani.

Nilishusha vibao. Akahamia upande wa barabara.

“Bado. Iko inaonekana ku ukuta.”

Kweli. Ukuta unaotazamana na dirisha nilikuwa nimeupaka rangi ya mafuta, yenye kung'aa, nayo ilirudisha mwanga dirishani. Niliukwangua na kuupaka udongo wa kahawia, kama kuta za jikoni kwa mama yangu zamani. Jioni iliyofuata alisema bado: kuna kichwa cha msumari kinametameta. Nikakipaka udongo nacho. Mke wangu, aliyekuwa akitumwa kupanda na kushuka ngazi ili tuone kama kivuli chake kinatembea, aliuliza kama tukimaliza atapewa cheti. Msichana alicheka. Sikumbuki kumsikia akicheka kabla ya hapo.

Halafu ikaja jioni ambayo niliwasha, nikangoja, na sikusikia kitu. Niliita. Kimya. Niliita tena, kisha nikatoka nje haraka, nikijigonga bega kwenye fremu ya mlango. Uani hakuwepo. Karibu na mkeka hakuwepo. Nilimkuta barabarani, amesimama wima, mikono nyuma, anatazama.

“Hakuna mutu mule,” alisema, kwa sauti ya mtu aliyeridhika na kazi.

Nami nikatazama. Ndani, taa zilikuwa zinawaka kwenye kila kidato, na mke wangu alikuwa katikati ya ngazi na mdogo mkononi. Nilijua hivyo. Nilichoona ni paa, ukuta mweusi na shimo la dirisha. Ilikuwa nyumba ambayo wenyewe wameikimbia. Nilikuwa nimefanya kazi ile kwa usahihi, na niliitazama nikaogopa.

Tangu usiku ule anashuka vizuri. Swichi haisikiki; nasikia kidato cha tatu kinalia, kisha kinachofuata na kinachofuata, bila kile kimya cha katikati. Mdogo sasa hubebwa mara chache. Hushuka mwenyewe, ameshikwa mkono. Siku ya soko, Bwera, shemeji aliniuliza kama wanalala. Nikamwambia wanalala. Alinitazama usoni kama mtu anayesoma mizani, akaridhika, au akaamua kuridhika. Mumewe bado hajatokea.

Msichana hatoki tena jioni. Amemaliza kupima. Mimi ndiye ninayetoka. Nasimama karibu na mkeka, kisha upande wa barabara, nahakikisha hakuna kinachoonekana, na nikisikia pikipiki ikipunguza mwendo hungoja mpaka ipite. Jana nilitazama upande ule mwingine wa nyumba, ambao sikuwa nimewahi kuuangalia, nikaona dirisha letu sisi wakubwa linawaka, na mke wangu amekaa kitandani akifunga kitambaa kichwani. Nilirudi ndani nikazima.

Aliniuliza kama umeme umekatika.

Nikamwambia haujakatika, na tukakaa hivyo, kila mmoja upande wake wa kitanda, tukisikiliza watoto.