Itohan aliandika "Nyumba hii haiuzwi", benki ikazuia hela ya paa

Jumanne ya Oktoba 14, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, ndipo mambo ya Itohan Aghedo yanapoharibika. Yeye mwenyewe hajui bado. Yuko kazini, chumba cha kufulia cha hospitali, anakunja mashuka yaliyotoka kwenye mashine ya kukaushia yakiwa bado yanachoma vidole.

Mikunjo minne, shuka linaingia kikapuni. Mikunjo minne, jingine. Kwa siku anakunja mashuka yasiyopungua mia sita, na miaka kumi na moja sasa hajawahi kuambiwa na bosi yeyote kwamba amekunja vizuri.

Simu inatetemeka mfukoni mwa aproni. Ni Obiora, fundi wa paa.

"Mama, yule mtu wa benki amekuja."

"Amepanda juu?"

"Hajapanda."

"Sasa kenchi ameziona vipi?"

"Kenchi hajaziona. Ameona ukuta. Amesimama barabarani, kapiga picha tatu za ukuta, kaniuliza kama kuna watu wanaigombania nyumba. Nikamwambia hapana bwana, hayo ni maandishi tu ya kwetu. Kaandika kitu, kaingia kwenye gari."

"Kaandika nini?"

"Mimi nitajuaje, Mama? Mimi fundi, sio malaika."

Itohan anakunja shuka linalofuata mikunjo mitano. Analikunjua, anaanza upya.

Nyumba yenyewe ipo mji mdogo jirani na Manchester, katikati ya safu ya nyumba za matofali mekundu zilizobanana kama watu kwenye benchi la zahanati. Ina zaidi ya miaka mia moja. Itohan, mwenye miaka 51, na mumewe Efosa, dereva wa teksi, waliinunua mwezi wa nane kwa pauni 96,000. Bei hiyo kwa huku ni ya kutupa, kwa sababu paa lilikuwa bovu na ukuta wa jikoni ulikuwa unatoa maji kama kikwapa.

Malipo ya kwanza yalitoka kwenye mshahara wake wa dobi na upatu wa akina mama wa Edo, jimbo la kwao Nigeria, hapo mjini, ambao alicheza miaka sita bila kuruka mwezi. Fedha nyingine ni mkopo wa benki, na nyumba ndiyo rehani. Lakini benki ilizuia pauni 14,000 za paa. Ilisema itatoa nusu siku mthamini wake atakapoona paa la zamani limeng'olewa na kenchi mpya zimesimama, na nusu nyingine kazi ikiisha. Mwisho wa kazi ni Novemba 30. Siku hiyo ikipita paa halijakamilika, fedha hizo hazitolewi tena, na benki inayo haki ya "kuutazama upya mkopo wote".

Maneno hayo manne ya mwisho ndiyo yanayomnyima Itohan usingizi. Nani asiyejua maana yake? Mkubwa akisema anatazama upya, mdogo aanze kufunga mizigo.

Basi Obiora akang'oa. Ijumaa ya Oktoba 10 vigae vya zamani vyote vilikuwa chini, kenchi mpya zimesimama, turubai la bluu limetandazwa juu. Vigae vipya viko dukani, vinasubiri hela ya benki. Mthamini alitakiwa atazame juu dakika kumi tu.

Akatazama ukuta.

Kwenye ukuta wa mbele, pembeni mwa dirisha la sebule, palikuwa na maneno ya rangi nyekundu, kila herufi ndefu kama mkono wa mtu mzima: NYUMBA HII HAIUZWI. JIHADHARI NA MATAPELI.

Aliyeandika ni Itohan mwenyewe, jioni ileile aliyopewa funguo. Hakufagia kwanza wala hakufungua dirisha. Alishika brashi.

"Nilimwambia," anasema Efosa, akiwa ameketi sebuleni na koti lake la kazini, maana hita inashindana na upepo wa juu na inashindwa. "Nilimwambia, mke wangu, hapa si Benin City. Hapa hakuna mtu atakayekuja kuuza nyumba yako ukiwa sokoni."

"Muongo!" Itohan anamkatiza kutoka jikoni. "Nani alinishikia ngazi?"

"Nilishika ngazi usianguke."

"Na nani aliniambia herufi ya mwisho imepinda?"

Efosa ananigeukia mimi mwandishi. "Ilikuwa imepinda kweli."

Wanacheka wote wawili, kisha kicheko kinakatika ghafla kwa sababu turubai limepiga kofi juu ya vichwa vyao na kila mmoja ametazama dari. Aliyebaki na mtu wa kugombana naye ndani ya nyumba bado ana akiba. Lakini dari halijui hayo. Lina doa la kahawia linalokua kila wiki, na Itohan amelizungushia alama ya penseli kila Jumapili ili alione linavyotembea. Alama ziko nne.

Ukitaka kujua kwa nini mwanamke mwenye akili zake anashika rangi nyekundu kabla ya ufagio, muulize habari za baba yake.

Mzee Osagiede alikuwa fundi wa matairi Benin City. Alijenga vyumba vinne, tofali moja moja, miaka kumi na minane. Mwaka 1998 alikwenda kijijini kumzika kaka yake, akakaa wiki mbili. Aliporudi alikuta vijana wanabadilisha vitasa. Ndani kulikuwa na familia ya watu wasiomjua, wanakula. Walikuwa wamenunua, na hati wanayo, yenye mhuri wa ofisi ya serikali.

"Baba aliwaambia, nyumba hii ni yangu. Yule mwanamume wa ndani akamjibu, 'Mzee, mbona hukuandika?'" anasimulia Itohan. "Hakumtukana. Alimuuliza kwa huruma kabisa. Maana mtaa mzima walikuwa wameandika. Jirani yetu wa kushoto aliandika, nyumba yake ipo mpaka leo. Sisi baba alisema rangi itaharibu plasta."

Kesi ilikwenda miaka tisa. Mzee alifariki ikiwa imeahirishwa kwa mara nyingine, hakimu yuko semina. Karani aliyegonga ule mhuri alipandishwa cheo. Hizo ndizo ofisi.

Kwa hiyo kwa Itohan maandishi yale si mapambo, ni komeo. Na Wanaijeria wa mji huo waliyasoma hivyohivyo. Waliopita walitikisa kichwa kwa kukubali. Mzee mmoja wa chama cha watu wa Edo alisimama, akasoma, akasema, "Safi. Ongeza namba ya simu."

Wazungu walisoma vingine. Bi Maureen, jirani wa ng'ambo ya barabara, mwenye miaka 78, alivuka wiki ya pili akiwa na keki ya tangawizi na uso wa msiba.

"Mwanangu, nani anakulazimisha uuze?"

"Hakuna anayenilazimisha, mama."

"Niambie tu, nitampigia polisi."

"Hakuna mtu. Nimeandika ili asije."

"Asije nani?"

"Atakayekuja."

Bi Maureen alifikiri kidogo. "Basi ungeandika na mbwa mkali," akasema. Tangu siku hiyo, magari asiyoyajua yakisimama mtaani, hutoka nje na kikombe chake cha chai na kuyakazia macho mpaka yaondoke.

Angekuwa jirani huyo ndiye mthamini, vigae vingekuwa juu leo. Lakini ripoti haikuandikwa na Bi Maureen. Barua ya benki ilifika Oktoba 20. Itohan anayo kwenye mkoba wa plastiki, pamoja na zile za halmashauri na za kampuni ya umeme. Inasema kwamba maandishi yaliyoonekana kwenye mali hiyo yanaashiria kuwa "huenda kuna mgogoro wa umiliki", na kwa hiyo malipo yamesimamishwa hadi jambo hilo lifafanuliwe.

Huenda! Mtu mmoja ameandika neno moja ndani ya gari lenye joto, akaenda zake kula chakula cha mchana. Watu wanne wanalala chini ya turubai kwa sababu ya huenda. Tena sasa ni wawili, kwa sababu mabinti zao wamehamishiwa kwa rafiki wa kanisani baada ya mdogo kuanza kukohoa.

Itohan alifanya kile ambacho mtu yeyote angefanya. Alinunua rangi nyeupe na kuyafuta maneno Jumamosi nzima, mikono mitatu ya rangi, maana nyekundu ilikuwa inachungulia.

"Nilijiona kama ninamfukuza baba yangu mlangoni."

Akapiga simu benki na kuwaambia maandishi yameondoka, njooni mwone. Akaja mthamini mwingine, Novemba 3, mwenye tableti. Huyu hata kushuka kwenye gari ilimuwia vigumu. Alilinganisha ukuta na picha za mwenzake. Barua ya pili ilikuja baada ya siku nne: maandishi yaliyoripotiwa awali yamefutwa, haijulikani yamefutwa na nani wala kwa idhini ya nani, na suala limepelekwa kwa mawakili wa benki.

"Wakiyaona, kosa. Wasipoyaona, kosa," anasema Obiora, akiwa kwenye ngazi, anafunga upya kamba ya turubai iliyokatwa na upepo. Yeye ni Muibo kutoka Nnewi, ana miaka 38, na kazi hii ya kamba haitozi. "Mama, next time uandike kwa chaki."

"Obiora, shuka kabla sijakuondolea ngazi."

"Ukiniondolea ngazi nitakaa huku huku juu niwe paa lako."

Lakini akishuka, nje ya masikio ya Itohan, anazungumza kwa sauti nyingine. Jukwaa la mabomba lililosimama mbele ya nyumba amelikodi, na wenyewe wanakuja kulichukua Ijumaa ijayo. Duka la vigae limempa mpaka Jumatano, baada ya hapo litamuuzia mwingine. Kazi yenyewe inahitaji siku tisa kavu. Mwezi huu siku kavu zimekuwa tano.

"Kenchi ni mbao," anasema. "Mbao ikilowa, ikauka, ikalowa, inapinda. Zikipinda, hata hela ikija hatupandishi vigae. Tunaanza upya. Na wa kulipia kuanza upya simjui."

Wakili wa Itohan, aliyesimamia ununuzi, amethibitisha kwa maandishi kwamba jina lililosajiliwa kwenye nyumba hiyo ni la Itohan na mumewe, na kwamba hakuna mtu mwingine duniani aliyeleta madai. Barua hiyo imo benki. Hati ya nyumba imo benki vilevile, kwa sababu ndiyo rehani. Yaani wanaouliza nyumba ni ya nani ndio waliokalia jibu. Sijui ni shule gani hiyo waliyosomea, ila ada yake lazima ilikuwa kubwa.

Itohan hupiga simu kila siku wakati wa mapumziko ya saa sita, akiwa amesimama kati ya vikapu vya mashuka machafu, sehemu pekee yenye mtandao mzuri. Alhamisi iliyopita alipiga akiwa ameiweka simu kwenye spika, wenzake wawili wakisikiliza. Aliyepokea alikuwa msichana mwenye sauti laini.

"Nakuelewa kabisa, Bi Aghedo."

"Kama unanielewa, niambie nyumba ni ya nani."

"Siwezi kulisema hilo kwa simu."

"Nije huko?"

"Hatupokei wateja ofisini."

"Niandike?"

"Ukiandika, itachukua siku kumi na tano za kazi kujibiwa."

"Binti yangu," akasema Itohan, "siku kumi na tano za kazi zikiisha, mimi nitakuwa naoga kitandani."

Mmoja wa wenzake alicheka mpaka akakaa juu ya kikapu. Itohan hakucheka. Alikata simu, akarudi kwenye mashine.

Hatafuti makubwa. Anataka vigae viwe juu kabla ya Krismasi, mabinti warudi, chumba cha nyuma kipakwe rangi ya maziwa. Halafu awaite watu wa Edo na wa kanisani, wavunje kokwa za kola za kukaribishia wageni, waombe, wale viazi vikuu vya kutwanga na supu ya egusi, ile ya mbegu za tikiti, mpaka watu wakae kwenye ngazi. Nyumba isiyofunguliwa kwa maombi, anasema, ni kama gesti; unalala humo na viatu karibu. Tarehe ameshaichagua mara mbili, na mara mbili ameifuta.

Jumapili baada ya ibada aliketi mezani, akaandika barua kwa mkono wake mwenyewe, ukurasa mmoja. Efosa alitaka aongeze habari za kikohozi cha mtoto. Obiora alitaka aongeze tusi. Yeye akakataa vyote. Ameituma kwa rejista Jumatatu, na benki imekiri kuipokea, kwa ujumbe uliotoka kwenye mashine.

Anakumbusha ndani yake kwamba tarehe mosi ya kila mwezi, Septemba, Oktoba na Novemba hii, benki imekata pauni 512 za rejesho kwenye akaunti yake, na haijachelewa hata siku moja. Kisha anauliza, na mpaka gazeti linakwenda mitamboni hakuna bosi wala wakili aliyemjibu: kama hamjui nyumba ni ya nani, mbona mnajua nani wa kumkata?