Mahindi ya Juu ya Meko

Jana nilitundika mahindi ya mbegu juu ya moto, na ile harufu ya maganda yanayoshika moshi ikanirudisha jikoni kwa mama.

Baba alipokufa, aliyetunyang'anya ni baba mdogo. Namtaja, maana ni yeye. Alibeba majembe, mbuzi, mpaka mlango wa nyumba. Mahindi ya mbegu, yaliyoning'inia juu ya meko, meusi kwa masizi, hakuyaona. Mama alipoinua macho akayakuta, alicheka mpaka akakaa chini.

"Shemeji kachukua mlango, mbegu kaniachia."

Nililia njaa, nikaomba tuchome hindi moja tu.

"Hilo ni shamba, mwanangu. Shamba haliliwi."

Tulizipanda kwa vijiti, tukala majani ya maboga mpaka mahindi mapya yakabeba. Siku ya kwanza ya kuchoma mama aliimba, tukacheza midomo imejaa masizi. Kisha akanijazia kikapu.

"Mpelekee baba yako mdogo. Mimi nimeshamaliza naye."

Mimi nilikuwa bado. Njiani nilitafuna matatu mabichi, matamu kama maziwa, nikamfikishia yaliyobaki.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbegu mlitoa wapi?"

"Juu ya meko. Ulizisahau."

Nilirudi nakimbia, kikapu kitupu kichwani, nacheka kama mama.