Swichi Niliyoitoa

Nilipaswa kukataa. Mama mwenye nyumba aliposimama mbele ya boksi la stima akaniambia niitoe ile swichi ya usalama, nilipaswa kumrudishia funguo zake nikatafute kazi kwingine. Badala yake nilichukua bisibisi.

Nilikuwa msimamizi wa fleti huko Parklands, nikiishi na mke wangu katika chumba cha chini karibu na geti. Maji yetu yalikuwa ya kisima, ya chumvi, na kila bafu lilikuwa na shawa ya umeme, ile inayochemsha maji yakiwa yanapita. Maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi kuliko maji safi. Kwa hiyo mara kwa mara swichi ilijizima, mpangaji akabaki gizani na povu machoni.

"Mzee, hii kitu inanifukuzia watu," mama alisema.

"Mama, hii ndiyo inawalinda."

"Inalinda aje na inazima stima? Kama huwezi, kuna fundi Westlands anaweza. Na ile chumba nitampatia yeye."

Sikuwa mjinga. Nilisoma fizikia mpaka kidato cha nne. Umeme unaoingia kwa waya mmoja unapaswa kurudi wote kwa waya wa pili. Ndani ya swichi ile, waya zote mbili hupita katikati ya pete ya chuma. Mikondo ikilingana, nguvu zake za sumaku hufutana. Mkondo ukivuja hata kidogo, ukapita kwenye mwili wa mtu kwenda ardhini, nguvu hizo hazilingani tena. Koili iliyozungushwa kwenye pete inapata umeme na swichi inajizima kabla moyo haujavurugika. Fyuzi haifanyi hivyo. Fyuzi hungoja mkondo mkubwa wa kuunguza waya, na mkondo wa kumuua mtu ni mdogo mno kwake. Haya yote niliyajua nikiunganisha waya moja kwa moja. Kisha nikatia boksi kufuli, wapangaji wasione.

Malalamiko yaliisha. Mama mwenye nyumba alinisifu.

Mke wangu ndiye aliyekuwa akisafisha fleti kila mpangaji akihama. Asubuhi moja alikuwa ghorofa ya pili akisugua bafu, miguu mitupu kwenye maji. Mimi nilikuwa sebuleni nikipaka rangi. Nilisikia sauti kama ya mtu anayenyanyua mzigo mzito. Nilimkuta ameshika bomba la chuma, meno yameumana, mishipa ya shingo imesimama. Umeme wa nyumbani hukaza misuli. Mkono ulioshika hauwezi kuachia.

Nilizima swichi ya ukutani. Haikusaidia, kwa sababu umeme ulikuwa ukishuka na mabomba kutoka shawa ya fleti ya juu. Boksi lilikuwa chini, mbali mno, na kumgusa kungeninasa na mimi. Nilichukua sebuleni ubao mkavu niliokuwa nikisimama juu yake nikipaka rangi, nikampiga mkono. Nikampiga tena kwa nguvu zangu zote, nikasikia mfupa ukivunjika. Vidole havikuachia.

Wapangaji wawili wa mlango wa pili, ndugu waliouza vipuri mjini, waliingia wakati huo. Walinikuta na ubao juu, mke wangu mbele yangu. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimempiga kofi uani, na wao walikuwepo.

"Ameanza tena huyu," mkubwa alisema, akanivuta kwa shingo.

"Ni stima. Zimeni stima chini."

"Stima gani na mbao iko kwa mkono yako?"

Walinitoa hadi kwenye korido. Mdogo alinipiga teke la tumbo, mkubwa akanikandamiza uso sakafuni mpaka jino likang'oka. Nilisema funguo ziko mfukoni. Nadhani walisikia damu tu ikibubujika kinywani. Waliendelea kunipiga mateke ya mbavu, wakiniambia leo nitajua wanaume hupigana na nani.

Kisha mke wa yule mkubwa aliingia bafuni kumnyanyua mke wangu. Alirushwa na umeme, akagonga ukuta kwa kisogo, akaanguka akilia. Ndipo waliponiachia. Mdogo alinirarulia mfuko, akashuka mbio na funguo. Lakini zilikuwa nyingi, na ya kufuli langu hakuijua.

Stima ilipozimwa hatimaye, nilisikia mwili ukianguka kwenye maji.

Wale ndugu walikuja matangani wakaniomba msamaha. Sikuona kosa la kuwasamehe. Walifanya ambacho mtu yeyote aliyeona kofi la uani angefanya. Mama mwenye nyumba aliwaambia polisi kwamba hakuwahi kujua swichi imetolewa. Sikubishana naye sana. Yeye ndiye aliyeagiza, lakini mkono ulioshika bisibisi ulikuwa wangu.

Mpaka leo watu huniambia ilikuwa ajali. Macho ya mke wangu yalikuwa wazi nilipoinua ule ubao, na sijui kama alielewa kwamba nilikuwa najaribu kumwokoa. Niliogopa kunyang'anywa chumba kimoja cha chini, na kwa woga huo nilimuua.