Kitabu cha Mwalimu wa Mkondo B

Mwalimu mzee wa Darasa la Pili B, pale Inyonga, hakushika fimbo wala hakugusa chaki. Alisimama mlangoni na kitabu, kidole gumba kikisugua ukingo wa ukurasa, akiwasomesha watoto kwa sauti mmoja mmoja. "Kabula, umeruka neno. Rudi nyuma, mama." Gaudensia, aliyetoka chuoni mwaka ule wa 1994, alifundisha Mkondo A kwa makundi na kadi za picha, akiamini atamwacha mzee mbali. Mtihani wa kusoma ulipofika, watoto wa mzee waliongoza wote. Mwalimu mkuu akamtuma akaandike mbinu ya mzee.

Gaudensia akasimama kando yake, kalamu mkononi, akachungulia kile kitabu. Maandishi yalikuwa kichwa chini, miguu juu! Akapitisha kiganja mbele ya macho ya mzee; hayakupepesa. "Nimesikia upepo wa mkono wako, binti yangu," mzee akanong'ona. "Kitabu chote ninacho kichwani, lakini ukiliandika hilo, kesho wananistaafisha." Kisha akapaza sauti: "Nashon, soma taratibu, unakimbizwa na nani?" Gaudensia akakigeuza kitabu mikononi mwa mzee, kikakaa sawa, ndipo akaandika: Mbinu yake ni kumsikiliza kila mtoto.