Watiri Anayeyajua Mayungiyungi kwa Kupapasa

Saa tatu asubuhi, Watiri Nderitu yuko ndani ya maji hadi kiunoni. Anainua jani la yungiyungi, analigeuza, kisha anapapasa shina lake kwenye matope.

“Hii ni yetu,” anasema, akiliachilia taratibu. “Ukingo umejikunja, na ua lake la buluu linasimama juu ya maji. Ile ya manjano ni mgeni. Iko na mizizi inatambaa chini kwa chini.”

Kuna pia chotara la rangi ya waridi, lililotoka bustani za watu. Huelea tu, na tunda lake halina mbegu.

Watiri, mwenye umri wa miaka 51, ni mtunza bwawa la wakulima hapa Gatitu, pembeni mwa mji wa Nyeri. Ujuzi huu aliupata kwa Saumu Yakubu, mwalimu wa biolojia mjini, aliyefika kuchuma majani miaka saba iliyopita akamkuta akifyeka magugu.

“Mwalimu aliingia maji na viatu vyake, akanionyesha moja moja. Hakunicheka. Namshukuru mpaka leo.”

Ukame wa mwaka jana, 1984, ndio uliompa mtihani. Maji yalipopungua, yungiyungi la manjano lilitanda kote, likaziba bomba linalohudumia familia 140. Kamati ikaamua kumwaga dawa ya kuua magugu. Watiri akasimama mkutanoni.

“Mzee, hiyo dawa itaua yetu pia, na maji tunakunywa sisi,” alimwambia mwenyekiti, Mzee Mutahi. “Nipeni wiki mbili.”

“Na ukishindwa, Mama Kingori?” mzee akamuuliza, akimwita kwa jina la mwanawe.

“Nitaacha kazi.”

Akina mama tisa walijitolea. Yeye alipapasa na kuchagua, wao waking'oa. Siku ya kumi, Mzee Mutahi alikunja suruali, akaingia matopeni kung'oa pamoja nao. Siku ya kumi na tatu, bomba lilikohoa, likatoa maji.

“Nililia,” anasema Watiri. “Ati mtu mzima, nikalia mbele ya watu.”

Sasa wakulima wa Gakindu, ambao bwawa lao limevamiwa vilevile, wamemwita. Atakwenda baada ya mavuno ya kahawa.

“Nilifundishwa bure, nami nitafundisha bure,” anasema. “Nitakaa huko mpaka wale akina mama wajue bila mimi. Siku watanisahihisha, nitarudi nyumbani nimefurahi.”